Wimbo Nilioagizwa Kumtungia Wifi

Sifa na utukufu ni kwa Mungu Baba, aliyenijalia asubuhi nyingine nikiwa na akili timamu na mkono unaoweza kushika kalamu. Haya ninayoyaandika sijawahi kuyasema yote nje ya kitubio.

Klabu yetu ya akina mama wa chama, hapa Majengo, ilianza na kioda, ngoma ya wanawake kutoka upande wa Nyasa. Tulivaa sare nyeupe, tukapanga mistari, tukawapokea viongozi. Mimi nilikuwa mtunzi. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, mwalimu, alisimama kulia kwangu miaka yote, kwa sababu sauti yangu ilikuwa nyembamba na yake iliibeba.

Kisha vyama vya siasa vikawa vingi. Mume wangu alikuwa amekwisha kupunguzwa kazi, na tulikula kwa kibanda changu cha mitumba, kilichosimama kwenye kiwanja cha klabu. Wifi akajiunga na chama kipya. Hakujificha. Alirudisha sare yake ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Wiki ileile mama mwenyekiti alikuja kibandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jumapili tuna mgeni. Mtungie yule mwalimu wako wimbo."

"Mama, yule ni wifi yangu."

"Ndiyo maana. Nani atamchamba wifi kama si wifi?" Akacheka, akaishika nguzo ya kibanda na kuitikisa kidogo. "Kiwanja hiki kina waombaji wengi, mwanangu."

Nilianza novena, sala ya siku tisa, nikiomba koo liniume. Jumapili ilifika kabla sijaimaliza, na koo lilikuwa zima. Maneno yalikuja yenyewe, tena matamu, na hilo ndilo lililonitisha: nilimwita kuku aliyehama banda kwa kufuata punje.

Kwetu mtu akiimbwa kwenye kioda hutakiwa aingie kati, acheze mbele ya mistari, kisha amtuze mtunzi. Asipoingia, ameumia, na watu watamcheka mwezi mzima. Nilijipa moyo kwamba hatakuja. Alikuja, akasimama nyuma ya umati. Nilipoanzisha, sauti ilinikwama. Mwenyekiti alinikazia macho. Mistari ilikuwa mbele yangu na nyuma yangu, sikuwa na pa kutokea.

Wifi akapenya umati, akaingia kati. Alicheza taratibu, akiifuata ngoma pigo kwa pigo. Akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni, na alipokuwa akikaza fundo akaninong'oneza: "Imba, wifi, watoto wapate kula."

Nikaimba beti zote. Mgeni alipiga makofi.

Kibanda kilibaki. Nami nikabaki ndani ya klabu, mwaka baada ya mwaka, maana kila mgeni aliyekuja alitaka kusikia ule wimbo wa kuku, na hakuna mwingine aliyeweza kuuanzisha.

Siku moja nilikwenda kwake Ruhuwiko kumwomba radhi. Alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Ungekataa," alisema, "ungenihamia hapa na watoto wako wote. Nami nina chumba kimoja."

Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Lakini nilipoaga hakunisindikiza hadi barabarani. Aliishia mlangoni, na tangu siku hiyo ndivyo anavyofanya. Sijamuuliza. Namshukuru Mungu kwamba mlango huo hunifungulia.

Wewe uliyesoma, Bwana akulinde wewe na nyumba yako, na akupe wa kukusamehe kabla hujaomba.