Ngome ya Majivu Uani Kwetu

Majivu yakinyeshewa na mvua ya kwanza hutoa harufu kali ya kukaba koo. Wenzangu hupita tu. Mimi husimama, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwona dada yangu Achieng' ameinama uani kwetu, karibu na Rodi Kopany, akichora Fort Jesus.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Baba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Mombasa, na alikuwa ametutumia kadi yenye picha ya ngome ile kongwe, kuta zake nene zimekabili bahari. Nyuma aliandika kwamba shule zikifungwa Agosti tumfuate, atatutembeza humo siku nzima. Achieng' alikuwa na miaka tisa, mimi saba. Tangu hapo usingizi ulitupaa.

Kila asubuhi dada alichota majivu jikoni akachora kuta, lango na vyumba, ili tukifika tusipotee. Mizinga ilikuwa vijiti vya muhogo. Mreno alikuwa mbuzi wa Mama, na hakushindwa vita hata mara moja, kwa sababu aliila mizinga yote. Dada mwenyewe ndiye aliyekuwa bawabu, na ole wako upite langoni bila kutaja jina lako na la baba yako, hata kama mnalala blanketi moja.

Mama naye alikausha samaki na kusaga unga wa mtama wa kumpelekea Baba, huku akiimba nyimbo ambazo sikuwahi kumsikia akiziimba. Hakuwa amemwona mumewe kwa mwaka na nusu. Tungepanda meli Homa Bay hadi Kisumu, kisha gari la moshi. Sharti lake lilikuwa moja: "Mwenye homa atabaki na dani," yaani nyanya yetu.

Jumatatu, wiki moja kabla ya safari, tukitoka mtoni, Achieng' aliniegemea. Ngozi yake iliniunguza.

"Atieno, usimwambie Mama. Nitapoa huko melini."

Nikaapa. Nisiwadanganye, sikuapa kwa mapenzi tu. Nilijua Mama, licha ya sharti lake, hatamwacha mgonjwa nyuma, na safari yote itavunjika, nami nilitaka kuiona mizinga.

Alhamisi surua ikamjaa usoni. Mama akanishika mabega. "Nyathina, mwanangu, ilianza lini?"

"Leo," nikasema.

Jumatatu iliyofuata, meli iling'oa nanga Homa Bay bila sisi. Achieng' alikuwa amekufa alfajiri.

Baba alifika siku mbili baada ya maziko. Matangani jirani mmoja alisema, bila kumtazama mtu, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliinamisha kichwa. Mama pia aliinamisha chake, nikadhani analia.

Mama alikuwa mtu wa kufagia uwanja kila kunapopambazuka, mpaka udongo ung'ae. Lakini ule mchoro hakuugusa. Aliuzunguka kwa ufagio wake wiki baada ya wiki, hadi mvua ilipokuja kuuchukua.

Nilibeba neno lile "leo" kwa zaidi ya miaka thelathini. Mombasa sikwenda, hata nilipoalikwa harusini huko. Mama alipozeeka na kulala kitandani, nilishindwa kuificha siri hiyo zaidi. Nilimweleza yote nikilia kama mtoto.

Akautafuta mkono wangu juu ya blanketi.

"Hata mimi nilimgusa paji la uso Jumatatu ile ile, jioni," akasema. "Lilikuwa moto. Nikajiambia ni jua la mtoni. Nilitamani sana kumwona baba yenu, nyathina."

Miaka yote hiyo mimi na mama yangu tulikuwa tumefichana siri moja. Laiti mmoja wetu angesema Jumatatu ile. Laiti angesema hata kesho yake.