Rangi ya Buluu Chini ya Oltaneta

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka masikio hupata moto hadi leo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hifadhi ya bahari. Wenzangu niliosoma nao sekondari walikwenda Utende, zilipo ofisi zake, kutafuta kazi. Mimi, mpenda kitanda cha kwetu, nilibaki kijijini Kanga kulitunza trekta kuukuu la mjomba.

Kulitunza, nasema. Nililipaka rangi! Lilibaki kopo zima la buluu ya mashua, na chumvi ya huku unaijua inavyokula chuma. Nikapaka kote. Hata oltaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, niliifungua nikapaka mpaka inapokaa, kisha nikairudisha. Likapendeza, nikalizunguka kama mtu anayekagua mchumba.

Wiki haikuisha, betri ikafa. Tukaichaji, ikafa tena. Mvua zilikuwa karibu na mashamba ya mpunga hayajalimwa. Mjomba akaniuliza mimi, msomi wake. Nikajibu bila hata kumeza mate: "Shaweji huyo. Anaiunga redio yake kwenye betri."

Shaweji ndiye aliyekuwa dereva, na watoto wake wanne walikula kwa usukani ule. Mjomba akanyoosha mkono, akataka ufunguo.

Shaweji akamwambia, "Utaupata, mzee. Nipe saa moja tu."

Akaazima mita ya kupimia umeme kwa mwalimu. Injini ikiwa imezimwa, betri ilisoma volti kumi na mbili. Tukaliteremsha trekta mtelemko likawaka. Mita ikabaki palepale.

"Ingekuwa inachaji, ingefika kumi na nne," akasema. Akabonyeza mkanda unaoizungusha oltaneta: umekaza. Akachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye bodi ya oltaneta, nyingine kwenye hasi ya betri. Mita ikapanda.

"Oltaneta nzima. Umeme umekosa njia ya kurudi." Akafungua bolti. Chini ya oltaneta, pale chuma kilipopaswa kugusa chuma ili umeme upite, buluu safi inang'aa.

"Msomi, umelivisha kanzu mpaka puani. Lipumulie wapi?"

"Nilikuwa nazuia kutu, kaka."

"Umeizuia. Na chaji pia."

Mjomba hakucheka. Alimrudishia Shaweji ufunguo, mimi akanipa msasa. Nilisugua mpaka chuma kikawa cheupe, tukafunga, na mita ikasoma kumi na nne. Ndipo nikamwomba Shaweji radhi mbele ya wote.

"Yameisha," akasema. "Ila redio yangu inatumia betri za tochi. Ungeniuliza."

Hilo ndilo lililonichoma, mwanangu, kuliko msasa. Basi kitu kikikugomea, pima kwanza. Anza na ulichokigusa wewe mwisho, hasa kama ulikuwa unakipendezesha. Na kabla hujamtaja mtu, nenda kamuulize mwenyewe. Rangi nilisugua nusu saa, lile neno bado nalisugua.

Mola akujaalie mikono isiyochoka, na masikio yanayopata moto mapema kuliko yangu. Amin.