Saa ya Sabini na Tatu

Safari hii niliianza kwa sababu ya swali moja linaloulizwa mara tatu. Katika familia yetu, wavuvi wa Wagenia pale kwenye maporomoko ya Kisangani, binti akiletewa mahari vitu huwekwa chini na hakuna anayevigusa mpaka noko, yaani ndugu wa kiume wa mama yake, asimame na kumuuliza binti kama tuvile, yaani kama amekubali kuolewa. Anauliza mara tatu, na binti anajibu mara tatu. Bila noko, watu wanakaa wakitazamana na chakula kinapoa. Furaha, binti wa marehemu dada yangu, alikuwa anaolewa Nairobi Jumamosi, katika ule mwaka wa barakoa, na noko wake alikuwa mmoja tu duniani: mimi, mwalimu wa jeografia, mwenye pasipoti mpya na magoti ya zamani.

"Noko," aliniambia kwa simu, "kama hauko, mimi sijibu mutu."

Ilibaki kufika tu. Ndege ya Nairobi ingeondoka Kinshasa Ijumaa saa tisa alasiri, na shirika lilidai karatasi ya kipimo cha kirusi kilichochukuliwa si zaidi ya saa sabini na mbili kabla ya kuruka. Jambo dogo. Aliyeitunga sheria hiyo bila shaka anaishi mlango wa pili kutoka maabara, na hajawahi kungoja treni ya Ubundu.

Jumatatu alfajiri, Kisangani. Sisi wa hapa tumelelewa na treni hiyo na maboti ya mto, vyombo vinavyoondoka vinapojisikia, kwa hiyo mtu mwenye akili huwahi siku moja kabla na kulala juu ya mizigo yake. Nami niliwahi. Nilifika kwenye kituo cha kupimia kabla ya muuguzi mwenyewe, nikasimama mlangoni na tiketi mkononi kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Muuguzi, mzee mwenye mvi kama zangu, aliisoma tiketi, akanirudishia.

"Papa, rudia kesho. Kipimo iko sawa na samaki mubichi. Ukivua leo, Ijumaa itakuwa inanuka."

Mvuvi mzima nikafundishwa habari za samaki na mtu aliyevaa glavu. Maisha yangu yote nimelaumiwa kwa kuchelewa. Siku niliyowahi, nikafukuzwa.

Jumanne alasiri, mahali pale pale. Hapa lazima niwape somo fupi, mnivumilie. Nchi yetu ni kubwa kiasi kwamba ina saa mbili: Kisangani tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ikiwa kwetu ni saa tisa, kwao bado ni saa nane. Nimelifundisha hilo miaka thelathini kwa chaki na chungwa. Basi nilitaka nipimwe saa kumi ya kwetu, ambayo ni saa tisa ya Kinshasa, ili hesabu ikae sawa. Muuguzi akasema saa tisa anafunga.

Akaniingiza kijiti puani kama mtu anayetafuta ufunguo ulioangukia kisimani. Nilipomaliza kulia, nilimweleza kwamba hesabu hiyo itafika saa sabini na tatu.

"Jumanne saa tisa, Ijumaa saa tisa. Iko juste," alisema. "Kule Kinshasa hakuna mutu anajua ile yako. Weye nyamaza tu, papa."

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo Mama Kavira, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, anayeishi Kisangani siku nyingi, rozari shingoni na simu mbili mkononi. Naye alikuwa anakwenda Nairobi, kununua mali. Muuguzi alituandikia sote wawili saa tisa kamili, bila kuangalia saa yoyote.

Jumatano, uwanja wa ndege wa Bangoka, Kisangani. Ndege ya asubuhi iliondoka jioni, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mzungu mmoja. Mashine ya kusoma vijiti vyetu ilikuwa Kinshasa, kwa hiyo niliona kwa macho yangu sanduku la barafu likipakiwa kabla yetu. Mimi na sehemu ya pua yangu tulisafiri ndege moja, yenyewe kwenye baridi, mimi kwenye joto, na niliionea wivu. Mchana ule wote Mama Kavira alinilisha kwanga ya muhogo na samaki wa moshi kutoka kapu lake, nami nilimweleza habari za Furaha, na jinsi dada yangu alivyokufa mtoto akiwa bado hajaanza shule.

Nilimwonyesha pia kofia ya marehemu baba yangu, niliyokuwa nimeifunga kwa gazeti. Mwaka fulani mto ulijaa, baba akashindwa kuvuka kwenda kwenye mahari ya mpwa wake. Aliituma kofia ile, ikavaliwa na mdogo wake, na swali likaulizwa. Tangu hapo kofia ni ya noko.

"Na weye, uko na mudogo?" aliuliza Mama Kavira.

"Hapana. Nimebaki peke yangu."

Aliniongezea samaki.

Ijumaa, Kinshasa. Majibu yalitoka asubuhi: hatuna kirusi. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani wa serikali. Saa sita mchana tulikuwa kaunta. Mama Kavira alitangulia, karatasi yake ikatazamwa, akapewa kadi ya kupandia. Nikafuata mimi. Binti wa kaunta alikuwa mpole, kucha ndefu, Kifaransa safi. Alihesabu kwa vidole: Jumanne saa tisa, Ijumaa saa tisa, sabini na mbili kamili. Akainua muhuri. Na muhuri ukiwa hewani, akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba ni bahati Kisangani na Kinshasa saa ni moja.

Msomaji, ungekuwa wewe ungenyamaza. Mbuzi angenyamaza. Lakini mimi nilisikia kosa la jeografia likisemwa mbele yangu, kwa sauti, na mtu aliyesoma.

"La, mademoiselle," nilisema. "Kisangani tuko mbele kwa saa moja."

Niliendelea. Nilieleza jua linavyotoka. Nadhani nilitafuta hata chungwa. Yeye aliteremsha muhuri polepole, pembeni, si kwenye karatasi yangu, akamwita mkubwa wake. Mkubwa alinisikiliza kwa heshima sana, akanishukuru kwa maelezo, akasema basi ni saa sabini na tatu na sitasafiri. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza na harusi.

Mama Kavira alirudi hatua mbili, akaninong'oneza bila kunitazama.

"Prof, leta ile kofia na namba ya mutoto. Mbio, kabla banikumbuke na mimi, karatasi yangu iko sawa na yako."

Nilimpa. Aliitia kapuni juu ya samaki, akaondoka haraka bila kugeuka nyuma. Nilisimama pale na karatasi inayosema mimi ni mzima, na sikuwahi kujiona mjinga kiasi kile.

Jumamosi, Kinshasa bado. Nilikuwa nimeshapimwa upya, pua ya pili safari hii, na kuambiwa nitaondoka Jumapili. Nilikaa nyumba ya wageni na simu mapajani. Saa ya mahari ilifika, ikapita. Nilimwona Furaha akilini, amekaa kati ya watu wa nyumba ya mume, vitu viko chini, kimya. Niliona aibu, na aibu ile haikuwa na mzaha wowote ndani yake. Jioni ukaja ujumbe wake wa kuniita: "Kuya tu, Noko." Hakueleza zaidi, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumapili usiku, Nairobi. Furaha alinifungulia mlango mwenyewe, na kofia ya baba ilikuwa juu ya kabati, imepigwa brashi.

"Nilikataa kujibu," alisema. "Niliapa. Halafu mama moja akaingia na kapu, hatumujui, kofia ya babu kwa kichwa. Akasema, noko iko mu Kinshasa, anafundisha jeografia."

"Wakacheka?"

"Balicheka sana, hata wakwe. Halafu akaniuliza. Mara ya kwanza kwa nguvu, batu bote basikie. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu akapiga magoti, akanishika kidevu, akauliza pole pole, mimi peke yangu nisikie: mwanangu, tukule? Hata kama hautaki, sema, tutarudia na weye nyumbani."

Furaha aliishusha kofia kabatini, akanipa.

"Noko, usikasirike. Weye ungeuliza kama mwalimu. Yeye aliuliza kama mama. Mimi sikuwahi kusikia mama anauliza."

Sikukasirika. Nilimwomba maji ya kunywa, ili nipate kisingizio cha kugeukia ukuta. Chakula cha harusi kilichobaki kilikuwa kingi, nami nilikila chote kwa unyenyekevu.

Alhamisi, Nairobi, safari ya kurudi. Nilimkuta Mama Kavira uwanjani na mabunda yake ya vitenge. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya shukrani yenye utangulizi na sehemu tatu, naye akaikata kwenye utangulizi kwa kunipa bunda moja nimshikie. Bila shaka tulikuwa tumepimwa tena. Pua zangu sasa zilijua njia zenyewe. Tulisimama pamoja kaunta na karatasi zetu, tiketi za mpaka Kisangani. Afisa alizitazama, akahesabu saa za kipimo mpaka kufika Kisangani, akakwama.

"Mzee, hebu niambie," alisema. "Huko Kisangani na Kinshasa, saa ni moja?"

Nilihisi miaka thelathini ya chaki ikipanda kooni. Nilivua kofia ya baba, nikaishika kwa mikono miwili, nikamtazama Mama Kavira.

"Muulize mama huyu," nilisema.

"Iko moja," alisema Mama Kavira, na muhuri ukashuka. Ilikuwa mara ya pili katika safari moja mwanamke yule ananisemea, na mara zote mbili alisema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi.