Nguchiro Asiyekuwa na Bei

Mtaani walimwita Mama Vizimba, kwa sababu duka lake lilijaa vizimba kutoka sakafuni hadi darini: njiwa, sungura, kasuku wadogo wenye domo. Alikuwa mjane, na duka aliliendesha pamoja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Walikuwa chanda na pete, ingawa ukiwasikia wakiongea ungedhani ni paka na panya.

Mnyama mmoja tu humo ndani hakuwa na bei, naye ni nguchiro. Mfyeka nyasi mmoja alimleta akiwa kichanga, macho hayajafumbuka, na Mama Vizimba akamlea kwa maziwa ya chupa. Mwanzoni hakumwuza kwa kuwa alikuwa dhaifu. Baadaye moyo ulikataa.

"Marehemu kaka yangu hukumpikia mayai namna hii," wifi alikuwa akimwambia.

"Kaka yako alijua kupika."

Ikaja sheria mpya. Wanyama pori walao nyama, kina nguchiro, kanu na fungo, ilikuwa marufuku kuwauza kama wa kufuga nyumbani. Hata vicheche waliozaliwa vizimbani waliruhusiwa kwa kibali na chanjo tu. Aliyekuwa na mnyama wa aina hiyo tayari aombe kibali au ampeleke kituo cha wanyamapori. Mama Vizimba akaomba, akawa anasubiri jibu.

Akiwa bado anasubiri, wifi alitoka kusafisha kizimba cha nguchiro, kidole kimefungwa kitambaa.

"Nimejikata na bati," akasema.

Mama Vizimba akakifungua kitambaa. "Bati gani hili lenye meno?"

Wifi akaketi juu ya gunia la mtama. Daktari wa mifugo alikwisha kuwaeleza: mbwa akiuma, anafungwa na kuangaliwa kama ana kichaa cha mbwa. Mnyama pori hakuna ajuaye ugonjwa hujificha ndani yake muda gani, hivyo huuawa ubongo ukapimwe.

"Ukisema, watamwua," wifi akasema.

"Na nisiposema?"

"Basi utajua siku nitakapoogopa maji."

Alikusudia mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Mama Vizimba alishangaa kidogo kwamba mtu aliyemtukana mnyama yule miaka yote ndiye aliyetaka kumficha. Akamshika mkono, akauosha kwa sabuni chini ya bomba, akausugua na kuusugua, kisha wakaenda zahanati wifi akachomwe sindano.

Waliporudi, Mama Vizimba alikibeba kizimba cha nguchiro mwenyewe hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari akamwambia anaweza kusubiri nje. Alibaki ndani, kidole chake kikiwa kati ya waya, mpaka nguchiro alipolala asiamke tena.

Majibu yalikuja kwamba hakuwa na kichaa. Wifi alilia kuliko mwenye mnyama.

"Kumbe tungenyamaza tu."

"Kumbe," Mama Vizimba akasema. "Lakini tusingejua."

Muda ukapita. Mtu mmoja akaingia dukani na watoto wawili wa kanu ndani ya kapu, akitaka kuwauza.

"Hawa hatuwachukui," Mama Vizimba akamwambia. "Sheria imekataza, na mimi sitaki."

"Mbona wapole, mama? Washike uone."

Wifi aliwachungulia kwa mbali, mikono nyuma. Kisha akaenda kumpigia simu ofisa wa wanyamapori aje awachukue.