Shimo la Udongo Kule Angurai

Enzi zetu kule Angurai, kabla simu hazijaingia mifukoni mwetu, hakuna siku iliyotufurahisha kama siku ya kukandika. Mtu akikosa nyumba, wanaume walisimamisha fito, akina mama wakateka maji, nasi watoto tukaingizwa shimoni kukanyaga udongo na nyasi mpaka matope yakatufika magotini. Tulinuka kama mbuzi walionyeshewa. Jioni tulipewa ugali wa muhogo na mtama kwa omena, tukaula matope yakiwa bado masikioni.

Nakumbuka Amoit alivyofika na mtoto mgongoni, yeye mwenyewe bado msichana, amefukuzwa na babake. Nikamuuliza mama baba wa yule mtoto ni nani. Akanikata jicho. "Kanyaga udongo kwanza. Utauliza nyumba ikikauka." Nyumba ikakauka, na hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Wazazi wetu walipofariki na mvua ikaangusha ukuta wetu, Amoit ndiye aliyetangulia kuingia shimoni. Mimi niliacha shule darasa la saba, na wadogo zangu wote wakakulia nyuma ya ukuta ule.

Nawaandikia nyinyi tuliokanyaga pamoja, maana mmesahau kwa bidii sana. Sasa mna mageti Amagoro, na vipande vya chupa juu ya ua. Juzi Auma na mumewe, wote wawili watoto tu machoni pangu, walifungiwa nyumba ya kupanga Malaba kwa kukosa kodi, wakawa wanamlaza mtoto wao juu ya meza za soko. Mkaitana kanisani, mkanywa soda, mkaamua kwamba vijana wa siku hizi wanahitaji semina. Semina! Mtoto anakohoa, nyinyi mnatafuta mgeni wa heshima.

Nikawaleta Auma na mumewe kwangu, tukachimba shimo kando ya jiko. Kijana alikunja suruali polepole kama anayevuka Mto Malaba, akaipiga miguu yake picha kabla haijachafuka. Lakini aliingia. Nikawatumia nyinyi wote ujumbe. Mmoja akajibu kwamba mgongo unamuuma. Wengine mkatuma vile vikaragosi vya mikono inayoomba.

Ekesa peke yake ndiye aliyekuja, kwa gari. Ekesa yule yule aliyekuwa akilia akiambiwa atoke shimoni! Akashusha kioo kidogo, akamtazama Auma na mtoto wake.

"Dada, hawa kwani wameoana kweli?"

"Vua viatu, Ekesa. Kanyaga kwanza, utauliza baadaye."

"Ai, wewe nawe! Hizi ni viatu za ofisi."

Akapandisha kioo, akaenda.

Enzi zetu shimo lilijaa miguu mpaka tukakanyagana. Leo tuko watatu, mtoto anakohoa kwenye mkeka, mawingu yametanda upande wa Uganda, na ukuta mmoja bado ni fito tupu. Udongo uko tayari. Kwangu mnapajua.