Viatu vya Saizi Ishirini na Tatu

Nauza viatu vya watoto, mitumba ya kuchagua, sokoni Kagongwa, na kwenye kiatu cha mtoto sina mchezo. Mama akiniambia nipe kikubwa mwanangu akikulie, namwuliza: wewe ungetembea na sufuria mguuni? Msimamishe mtoto, maana akikaa mguu unakudanganya. Bonyeza mbele kwa kidole gumba, pabaki nafasi ya upana wa kidole, basi. Na kisigino kisichomoke akitembea. Mume wangu aliyasikia hayo mpaka akawa ananitania, ananiita daktari wa nyayo.

Lakini kinyozi hajinyoi. Binti yetu alipokaribia kuanza darasa la awali, hakuwa amevaa kiatu kipya hata siku moja. Baba yake alikuwa na mwaka wa tatu Katoro, anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Akaapa kwamba safari hii mwanawe atavaa kipya cha dukani. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikakata njiti ya ufagio kwa urefu wa mguu wa mtoto, nikaongeza upana wa kidole, nikampa aende nayo.

Akarudi Jumamosi mchana na boksi. Binti alikuwa ameshavaa soksi tangu asubuhi. Viatu vyeusi, vya mkanda, vizuri kwelikweli. Mguu ukaingia nusu, ukagoma. Nikageuza soli: ishirini na tatu. Binti yangu anavaa ishirini na nane.

"Umenunua vya nani hivi?" nikamwuliza, kwa utani tu.

"Haiwezekani!" akasema, kavimba. "Nilimsimamisha mwenyewe pale dukani, nikabonyeza mbele, vikamkaa vizuri."

Binti yangu hajawahi kukanyaga Katoro.

Alielewa alichosema kabla mimi sijamaliza kuelewa. Njia ya mwongo fupi. Alinunua maboksi mawili, akachanganya, akaniletea la huko. Na ishirini na tatu, kwa anayejua kazi hii, ni mguu wa mtoto wa miaka miwili. Miaka miwili iliyopita alikuwa ananiambia duara halijatoa kitu, mke wangu, tuvumilie. Nami nikavumilia, mjinga mimi! Kilichonichoma zaidi ni kule kubonyeza mbele. Nilimfundisha mimi, kwa mguu wa mwanangu, akaenda kuwafanyia wengine.

"Vya mwanangu viko huko," nikamwambia. "Vifuate. Usirudi bila hivyo."

Akaondoka, na simu akazima. Shule ikafunguliwa, binti akaenda na ndala. Kila jioni ananiuliza baba anavileta lini, nami najibu kesho.

Siku ya nne, dada mmoja akasimama mbele ya meza yangu sokoni, boksi mkononi, mtoto mgongoni. Sikuhitaji kuambiwa. Mtoto ana paji la uso la mume wangu, lile lile. Matusi nilikuwa nayo ya wiki nzima, nimeyapanga, nasubiri pa kuyamwaga. Hata salamu sikukusudia kumpa.

Akapiga goti.

"Shikamoo, wifi. Kaka yako aliniambia nivitume kwa basi, nikaona hapana, nije nikusalimie mwenyewe. Viatu tulichanganya, utusamehe." Akainamisha kichwa. "Na pole sana kwa kufiwa na mumeo. Ameniambia ulivyobaki peke yako na binti yako. Anakuonea huruma sana."

Kumbe mume nilishamzika siku nyingi, na habari za msiba ndiyo kwanza zinanifikia. Yeye ananitazama kwa huruma, bado amepiga goti kwenye vumbi la soko, na yale matusi yote sikuona hata moja lililomfaa.

"Marahaba," nikamjibu. Nikamvutia stuli, nikamwambia amshushe mtoto, akae kwanza.