Mgongo wa Pierrette Unaokunjika Mno

Saa moja asubuhi, wanawake wa ufukweni Nchelenge, Zambia, wameinama wakianika chisense, vidagaa vya Ziwa Mweru. Pierrette Ilunga peke yake hainami. Amechuchumaa nusu, magoti yametazama nje, mgongo wima, huku wenzake wakimcheka.

"Banasema niko najidai," anasema. "Baseme. Mugongo ni yangu."

Mama huyu wa miaka thelathini na sita, mkimbizi kutoka Katanga, Kongo, ana sababu zake. Mkao huo ni wa ngoma ya kale ya Kihindi. Alijifunza Lubumbashi, alikofanya usafi kwa familia ya Kihindi. Mwenye nyumba alifundisha watoto ngoma hiyo katika gereji, akamwita naye ajaribu.

Alikuwa mwepesi ajabu. Siku za maonyesho, akijipinda nyuma, kichwa kiligusa visigino, na ukumbi mzima ulipiga makofi. Hakuna aliyemwonya, waliohurumiwa walikuwa wale wagumu wa viungo. Alipofika miaka ishirini na tatu, alilala kitandani wiki tatu bila kuweza kuinuka.

"Muganga wa viungo aliniambia, mugongo yako inakunjika mingi, lakini nyama ya kuishika haina nguvu," anakumbuka. "Njo nilijua: ule anakunjika sana, njo anaumiaka."

Leo, kila Jumamosi, anafundisha wasichana tisa katika kanisa la makazi ya wakimbizi. Kabla ya kujipinda, kila mmoja hufungwa kitenge kiunoni, kama wafanyavyo wabeba samaki. Kitenge kikianza kumbana mgongoni, msichana anaishia hapo hapo.

Mwezi uliopita kitenge hicho kilizua ugomvi. Binti yake Bénie, miaka kumi na mitatu, anayekunjika kuliko wote, alipangiwa kucheza mbele ya wageni. Alitaka kukivua na kujipinda mpaka chini. Pierrette, aliyemwona akishika kiuno baada ya mazoezi, akakataa katakata.

"Mama, uko na wivu juu yangu," Bénie akamjibu.

Neno hilo lilimchoma kweli. Siku tano hawakusemeshana.

Siku ya onyesho Bénie alijipinda kidogo tu, na makofi yakawa ya kuhesabika. Wakiwa njiani kurudi, binti akasema polepole: "Mama, leo haiumi."

Pierrette alilia pale pale barabarani. Hakuwa amejua kwamba siku nyingine zote ilikuwa inauma.

Sasa anamtafuta mtaalamu wa viungo awapime wasichana wote tisa kabla ya likizo ndefu.

"Mimi nilicheza miaka ine tu," anasema. "Bénie, minataka acheze hata akiwa na bajukulu. Makofi itangojea."